Fangasi za Ukeni Zinazojirudia: Mwongozo Kamili wa Kuzithibitisha, Kuzitibu na Kuzidhibiti

Mwanamke anayepata kipindi kimoja tu cha fangasi za ukeni baada ya kumaliza dozi ya antibayotiki ana tatizo dogo ambalo kwa kawaida huisha kwa dawa ya siku chache. Yule ambaye muwasho humrudia kila baada ya wiki kadhaa, akanunua dawa ileile, akapata nafuu na muda si mrefu akaanza upya, yuko katika hali tofauti kabisa, na tiba yake si ile ya mwenzake iliyorudiwa mara nyingi. Kwa mujibu wa miongozo ya Marekani, fangasi huhesabiwa kuwa zinajirudia mgonjwa anapopata vipindi vitatu au zaidi vyenye dalili ndani ya mwaka mmoja. Miongozo ya Uingereza hutaka viwe vinne, na angalau viwili kati yake viwe vimethibitishwa kwa vipimo. Wanawake wapatao watatu kati ya wanne hupata fangasi za ukeni angalau mara moja maishani, lakini wanaofikia kiwango hiki cha kujirudia ni chini ya mmoja kati ya kumi.

Kwa maoni yangu, wengi wanaohangaika na hali hii kwa muda mrefu hukwama katika moja ya sehemu mbili: ama wanatibu fangasi wakati ugonjwa ni mwingine, ama ugonjwa kweli ni fangasi lakini wanautibu kwa dozi fupi mno. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia hilo, na ni vyema zifuatwe kwa mpangilio wake, kwa kuwa dozi ya miezi sita haina maana kwa mtu ambaye bado hajajua anaumwa nini.

Kinachotokea ndani ya uke

Fangasi zinazohusika ni za jamii ya kandida, na mara nyingi ni aina iitwayo Candida albicans, ambayo husababisha sehemu kubwa ya vipindi vyote. Fangasi hizi huweza kuishi ukeni bila kuleta madhara. Kati ya asilimia 10 na 20 ya wanawake wenye afya njema wanazo na hawana dalili yoyote, wala hawahitaji kutibiwa. Ugonjwa huanza fangasi zinapoongezeka, zikabadilika kutoka chembe za mviringo na kuwa nyuzi zinazopenya kwenye ngozi laini ya uke, na mwili ukajibu kwa uvimbe na muwasho. Homoni ya estrojeni huzisaidia kustawi, ndiyo maana ugonjwa huu ni nadra kwa wasichana ambao hawajavunja ungo na kwa wanawake waliokoma hedhi wasiotumia dawa za homoni. Baadhi ya wanawake pia miili yao hujibu kwa ukali zaidi hata fangasi zikiwa chache, na hii ni sababu mojawapo ya ndugu wawili wa tumbo moja kuishi maisha yaleyale, mmoja akateseka na mwingine asiteseke.

Jambo linalosaidia kuelewa tiba ni kwamba mara nyingi kipindi kipya husababishwa na fangasi zilezile za awali, ambazo dawa ilizipunguza bila kuzimaliza. Si lazima ziwe zimetoka kwa mwenza, na imani kwamba huambukizwa kwa kukalia choo haina msingi.

Hatua ya kwanza: thibitisha kwamba ni fangasi

Dalili zinazojulikana zaidi ni muwasho mkali wa uke na mashavu yake, wekundu, uvimbe, maumivu wakati wa kujamiiana, na mkojo kuchoma unapopita juu ya ngozi iliyochubuka. Ute unaweza kuwa mweupe na mzito kama maziwa yaliyoganda, lakini kwa wanawake wengi huwa mwepesi au hauongezeki kabisa. Kwa kawaida hauna harufu mbaya.

Kwa bahati mbaya dalili hizi si za fangasi peke yake. Utafiti uliofanywa kwa wanawake waliokuwa wamejinunulia dawa za fangasi bila kupimwa ulionyesha kwamba takribani theluthi moja tu ndio waliokuwa na fangasi pekee. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria, mchanganyiko wa magonjwa, au hawakuwa na maambukizi yoyote. Maambukizi ya bakteria ukeni huleta ute mwepesi wa kijivu wenye harufu inayofanana na ya samaki, hasa baada ya kujamiiana. Trikomonasi, ambayo huambukizwa kwa ngono, inaweza kuleta ute wa kijani au wa njano pamoja na muwasho. Yako pia magonjwa ya ngozi yasiyo na uhusiano wowote na vimelea: mzio wa sabuni au pedi zenye manukato, pumu ya ngozi, na ugonjwa uitwao laikeni sklerosasi, ambao hufanya ngozi ya nje ya uke iwe nyeupe, nyembamba na rahisi kupasuka. Mgonjwa wa laikeni anaweza kutumia krimu za fangasi kwa miaka bila kupona, huku akiambiwa kwamba fangasi zake ni sugu.

Kwa hiyo nenda kapimwe wakati dalili zipo. Usiende siku ya tatu ya dawa, na kwa siku chache kabla ya kipimo usiweke kitu chochote ukeni. Mhudumu ataangalia kwanza ngozi ya nje, kisha atatumia kifaa cha kupanulia uke na kuchukua ute kwa kijiti chenye pamba kutoka kwenye ukuta wa uke. Sehemu ya ute huo hugusishwa kwenye karatasi ya kupima asidi: uke wenye afya na uke wenye fangasi kwa kawaida husoma pH chini ya 4.5, ilhali maambukizi ya bakteria na trikomonasi mara nyingi husoma zaidi ya hapo. Sehemu nyingine hupakwa kwenye kioo na kuongezewa tone la haidroksaidi ya potasiamu ya asilimia 10, ambayo huyeyusha seli za mwili na kuziacha fangasi zikionekana chini ya hadubini kama vichipukizi vya mviringo na nyuzi ndefu zenye matawi.

Hadubini, hata hivyo, hukosa wagonjwa wengi. Ikiwa majibu yanasema hakuna fangasi na dalili bado zipo, au ikiwa umekwisha kutibiwa mara kadhaa, omba ute uoteshwe maabara. Kuotesha huchukua siku kadhaa, lakini ndicho kipimo kinachotaja aina ya fangasi, na pale inapowezekana maabara hueleza pia kama dawa za kawaida bado zinaiua. Ningeweka kipimo hiki mbele ya dawa nyingine yoyote mpya kwa mwanamke ambaye tayari ametumia dozi tatu au nne bila mafanikio.

Usisubiri majibu ya maabara kabla ya kumwona daktari ikiwa una homa, maumivu ya chini ya tumbo, vidonda au malengelenge ukeni, au damu isiyo ya hedhi. Hizo si dalili za fangasi za kawaida.

Hatua ya pili: tafuta kinachozichochea

Kisukari ndicho cha kwanza kutafutwa. Sukari ikiwa juu katika damu na mkojo, fangasi hustawi, na dawa huonekana kana kwamba hazifanyi kazi. Mwanamke mwenye fangasi zinazojirudia ambaye hajawahi kupima sukari anapaswa kuipima, na aliyekwisha kukoma hedhi anapaswa kufanya hivyo kwa uharaka zaidi, kwa sababu katika umri huo ugonjwa huu si wa kawaida. Kundi moja la dawa za kisukari, ambalo ndani yake zimo dapagliflozini na empagliflozini, hufanya kazi kwa kutoa sukari kupitia mkojo na linajulikana kuongeza fangasi za sehemu za siri. Anayetumia dawa hizo asiziache kwa uamuzi wake; amweleze daktari wake ili wapime faida na usumbufu wake kwa pamoja.

Antibayotiki huua pia bakteria wazuri wa uke, na kwa baadhi ya wanawake kila dozi hufuatwa na muwasho. Wajibu wa kwanza hapa ni kukataa antibayotiki zisizo za lazima, kama zile zinazotolewa kwa mafua. Pale zinapohitajika kweli, mwanamke mwenye historia hii amkumbushe daktari wake, ambaye anaweza kumpa dawa ya kuzuia fangasi itumike sambamba. Vichochezi vingine ni ujauzito, dawa zenye estrojeni, steroidi za kumeza (dawa za kutuliza uvimbe ambazo pia hupunguza kinga), na hali zinazoshusha kinga ya mwili. Kujua hali yako ya VVU ni sehemu ya uangalizi mzuri wa afya, lakini fangasi zinazojirudia peke yake si ushahidi wa maambukizi ya VVU, na hofu hiyo imewazuia wanawake wengi kwenda kupimwa jambo ambalo lingetatuliwa.

Wanawake wengi hawapatikani na kichochezi chochote. Hilo halimaanishi kwamba kuna ugonjwa uliofichika, na tiba inaendelea vilevile.

Hatua ya tatu: zizime kwa dozi ndefu

Kwa kipindi cha mara moja, klotrimazoli ya kuweka ukeni kwa siku chache, au kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150, hutosha. Kwa fangasi zinazojirudia dozi hiyo ni fupi. Tiba inayopendekezwa katika awamu ya kwanza ni mojawapo ya hizi mbili: dawa ya kuweka ukeni kila usiku kwa siku 7 hadi 14, au flukonazoli ya miligramu 150 inayomezwa mara tatu, siku ya kwanza, ya nne na ya saba. Lengo ni kufikia siku ambayo dalili zimeisha kabisa. Kupungua tu hakutoshi kuanza awamu inayofuata.

Dawa ya ukeni huwekwa wakati wa kulala ili isitoke haraka. Nawa mikono, lala chali na magoti yameinuliwa, ingiza kidonge taratibu hadi mahali kinapokaa bila kuumiza, kisha usiamke kutembea. Mabaki meupe yanayotoka asubuhi ni dawa iliyoyeyuka, wala si ishara kwamba ugonjwa umezidi. Kama mashavu ya uke yanawasha, pakaa krimu ya fangasi kidogo kwa nje pia. Krimu na vidonge vya ukeni vyenye mafuta huweza kudhoofisha kondomu za mpira, kwa hiyo usizitegemee kondomu hizo katika siku za dawa. Hedhi ikianza katikati ya dozi, endelea na dawa, lakini tumia pedi badala ya tamponi, ambayo hufyonza dawa.

Tahadhari kubwa ni kwa flukonazoli ya kumeza. Mjamzito, au anayeweza kuwa mjamzito, asiitumie. Yeye hutibiwa kwa dawa za kuweka ukeni peke yake, kwa siku 7. Dawa hii pia hugongana na nyingine: huongeza nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hadi kuleta hatari ya kuvuja damu, huongeza nguvu ya glibenklamidi, dawa ya kisukari, hadi sukari ikashuka mno, na ikitumika pamoja na simvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, inaweza kudhuru misuli. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, kwa upande wake hupunguza kiasi cha flukonazoli mwilini. Mwenye ugonjwa wa ini au tatizo la mapigo ya moyo naye aseme kabla ya kuandikiwa.

Neno moja kuhusu krimu za mchanganyiko zenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali katika tyubu moja. Steroidi hutuliza muwasho ndani ya siku moja, na kwa sababu hiyo krimu hizo hupendwa. Lakini zikitumika mara kwa mara bila usimamizi hufunika dalili, huacha fangasi zikiendelea, na hudhoofisha ngozi ya sehemu hiyo. Sioni sababu ya kuzitumia bila maelekezo ya daktari aliyeitazama ngozi yenyewe.

Hatua ya nne: zidhibiti kwa miezi sita

Hapa ndipo tiba nyingi hukatika, kwa sababu mgonjwa anajisikia mzima na haoni haja ya kuendelea. Baada ya dalili kuisha, flukonazoli ya miligramu 150 humezwa mara moja kwa wiki kwa miezi sita. Chagua siku moja ya wiki na usiibadilishe. Asiyeweza kutumia flukonazoli anaweza kupewa klotrimazoli ya miligramu 500 ya kuweka ukeni mara moja kwa wiki kwa muda huohuo. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anapaswa kutumia njia ya kuaminika ya uzazi wa mpango katika kipindi chote cha flukonazoli, na akikosa hedhi asimamishe dawa na apime ujauzito kabla ya kumeza kidonge kingine.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2004 unaonyesha tiba hii inaweza nini na haiwezi nini. Mwishoni mwa miezi sita, asilimia 90.8 ya waliomeza flukonazoli kila wiki hawakuwa wamepata kipindi kipya, ikilinganishwa na asilimia 35.9 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Miezi sita baada ya kuacha dawa, yaani mwaka mmoja tangu kuanza, waliobaki bila kuugua katika kundi la flukonazoli walikuwa asilimia 42.9, na katika kundi la pili asilimia 21.9. Kwa lugha nyepesi, dawa hudhibiti vizuri sana wakati inatumika, lakini zaidi ya nusu ya wanawake huugua tena baada ya kuiacha. Ni heri mgonjwa akaambiwa haya mapema kuliko kuahidiwa kuponywa moja kwa moja.

Katika miezi hiyo weka kumbukumbu fupi: tarehe ya kila kidonge, tarehe ya hedhi, siku ambazo muwasho ulitokea, na dawa nyingine yoyote uliyotumia. Fangasi zina tabia ya kuwaka siku chache kabla ya hedhi na kutulia damu inapoanza, na mpangilio wa namna hiyo ukionekana kwenye kumbukumbu humsaidia daktari. Muwasho usiofuata mpangilio wowote na usiojali dawa unarudisha swali la hatua ya kwanza.

Hatua ya tano: ikiwa aina ya fangasi ni nyingine

Majibu ya kuotesha yakitaja Candida glabrata au Candida krusei, mpango hubadilika. Krusei kwa asili yake haisikii flukonazoli, na glabrata mara nyingi huisikia kidogo tu, kwa hiyo kuendelea na kidonge cha kila wiki ni kupoteza muda. Tiba huanza kwa dawa nyingine ya fangasi, isiyo flukonazoli, ya kuweka ukeni kwa siku 7 hadi 14. Ugonjwa ukirudi, hutumika asidi ya boriki, kapsuli ya miligramu 600 inayowekwa ukeni mara moja kwa siku kwa wiki tatu, nayo hufaulu kwa takribani asilimia 70 ya wagonjwa. Nistatini ya ukeni ni chaguo jingine. Asidi ya boriki ni sumu ikimezwa. Ihifadhiwe mbali na watoto, isiwekwe karibu na vidonge vya kumeza, na mjamzito asiitumie kabisa. Wengine huwa na glabrata ukeni bila dalili yoyote, na hapo kuiacha ni uamuzi sahihi.

Hatua ya sita: itunze ngozi, na acha yanayoichosha

Uke hujisafisha wenyewe kwa ndani. Kuingiza maji, sabuni, siki au dawa ya kuua vijidudu huondoa bakteria wanaoulinda na kuchubua ngozi, na desturi hii ikiendelea tiba yoyote ile itasuasua. Osha sehemu ya nje tu kwa maji ya kawaida, au kwa krimu ya kulainisha ngozi isiyo na manukato badala ya sabuni, kisha kausha kwa kugusisha taulo bila kusugua. Vaa chupi za pamba, badilisha nguo zenye jasho au unyevu mapema, na usivae pedi nyembamba kila siku bila sababu. Hatua hizi haziui fangasi, lakini ngozi iliyotulia huwasha kidogo na hupona haraka.

Kitunguu saumu kinachoingizwa ukeni, siki na mafuta makali ya mimea vinaweza kuunguza. Mtindi na bidhaa zenye bakteria wazuri hazina ushahidi wa kutosha kwamba huzuia fangasi kurudi. Kula mtindi hakuna ubaya, ila usiuhesabu kuwa dawa. Vivyo hivyo kuhusu kuacha kabisa vyakula vya wanga na sukari: kwa mwenye kisukari kudhibiti sukari ni sehemu ya tiba, lakini kwa asiye nacho masharti makali ya chakula humwongezea mzigo bila faida iliyothibitishwa.

Fangasi za ukeni hazihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa, na kumtibu mwenza asiye na dalili hakupunguzi kujirudia kwake. Mwanamume mwenye wekundu na muwasho kwenye kichwa cha uume anaweza kutibiwa kwa krimu ya fangasi. Ndoa zisitikiswe kwa tuhuma ambazo ugonjwa wenyewe hauziungi mkono. Kujamiiana kunaruhusiwa, ingawa ngozi ikiwa na michubuko ni vyema kusubiri ipone.

Baada ya miezi sita

Ukimaliza awamu ya pili bila dalili, acha dawa na uendelee na kumbukumbu. Fangasi zikirudi mara moja tu baada ya miezi mingi, zitibu kama kipindi cha kawaida. Zikirudi mfululizo, usianze tena kidonge cha kila wiki kwa mazoea. Chukua kwanza kipimo kipya cha kuotesha, kwa kuwa aina ya fangasi inaweza kuwa imebadilika au zile za awali zikawa zimepata usugu. Kama ni Candida albicans inayosikia dawa, awamu zote mbili hurudiwa tangu mwanzo, na wapo wanawake wanaohitaji udhibiti kwa zaidi ya miezi sita chini ya usimamizi wa daktari.

Kwa wale ambao flukonazoli imeshindwa, Marekani iliidhinisha mwaka 2022 dawa iitwayo otesekonazoli kwa fangasi zinazojirudia, lakini kwa wanawake wasioweza tena kushika mimba pekee, kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu mno na inaweza kudhuru kichanga tumboni. Mwaka huohuo iliruhusu pia ibreksafangepu itumike kupunguza kujirudia. Nayo imekatazwa kwa wajawazito. Dawa hizi si za kununua bila cheti. Mgonjwa anayefikia hatua hii aende kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake akiwa na majibu yake yote ya kuotesha, orodha ya dawa alizotumia pamoja na dozi zake, na ile kumbukumbu ya tarehe.